M83 imekataa kutoka: dalili na vyanzo vyake kwa mwenye darubini janja

Kila mwaka masika yakishapungua na anga la jioni likaanza kufunguka, wenzangu wenye darubini janja, zile zinazojielekeza zenyewe na kutuma picha kwenye simu, hunitumia picha zao za galaksi ya M83 na swali lilelile: "Mbona yangu iko hivi?" Moja ina doa la kijivu, nyingine nyota zake zimevutika kama punje za mchele, nyingine haina kitu kabisa. Nimeona niyakusanye hapa majibu ninayowapa, nikianzia na kile unachokiona kwenye skrini ya simu, maana hapo ndipo kila mtu anapoanzia.

Nimechagua M83 kwa makusudi. Ni galaksi yenye mikono iliyojizungusha kama gamba la konokono, nayo imetugeuzia karibu uso wote, kwa hiyo mikono hiyo inaonekana vizuri. Iko kwenye kundinyota la Shuja, mpakani na Kantarusi, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 15. Mwanaastronomia Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliigundua mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na si ajabu kwamba iligunduliwa kutoka Afrika: kwa mtu wa London haipandi hata digrii 9 juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam inapanda hadi digrii 67, Nairobi 61. Hii ni galaksi ya kwetu, na inaniuma kuona mtu wa Tanga au Mombasa akiikatia tamaa baada ya usiku mmoja.

Namba nitakazotaja zinahusu darubini janja ya kawaida: lenzi yenye kipenyo cha milimita 50, urefu wa fokasi milimita 250, sensa ya pikseli 1920 kwa 1080, imesimama wima juu ya tripodi. Yako ikiwa ndogo au kubwa kuliko hiyo, namba zitasogea lakini dalili ni zilezile.

Fremu zinatupwa kwa wingi, na nyota za pembeni zimevutika

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Ilikuwa Bagamoyo, katikati ya Juni, anga safi, hakuna mwezi. Nilianza saa moja na nusu usiku, sekunde 20 kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya nyingi ambazo darubini huzirundika ziwe picha moja. Kufika saa tatu, zaidi ya nusu ya fremu zilikuwa zimekataliwa na programu. Nikaulaumu upepo wa kusi. Nikaning'iniza mfuko wa mchanga chini ya tripodi, nikasogeza gari liwe ukuta, nikafupisha miguu hadi darubini ikawa usawa wa goti. Hakuna kilichobadilika. Kisha saa nne na nusu ikapita, sijagusa kitu, na fremu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine bila kukataliwa. Minazi ilikuwa bado inayumba vilevile.

Upepo haukuwa na kosa. Darubini hizi hufuata nyota kwa kwenda juu na chini, kushoto na kulia, ilhali anga lenyewe linazunguka. Kwa hiyo hata galaksi ikikaa katikati ya fremu bila kuhama, picha nzima inajizungusha polepole kuizunguka. Kasi ya mzunguko huo hutegemea kitu kiko upande gani na kimo gani, na kwa sisi tulio karibu na ikweta hukua sana kitu kinapopita kaskazini au kusini kikiwa juu. Nilipiga hesabu kwa Dar es Salaam. M83 inapokuwa kileleni, digrii 67, picha inazunguka kwa digrii 38 hivi kwa saa. Saa mbili kabla au baada ya hapo inazunguka kwa digrii 17. Saa tatu kabla au baada, ikiwa bado kwenye kimo cha digrii 42, ni digrii 11 tu. Ukizigeuza ziwe pikseli: kwenye pembe ya fremu, nyota wakati wa kilele inavutika pikseli 2 kwa sekunde 10, pikseli 4 kwa sekunde 20, na 6 kwa sekunde 30. Hizo 4 ndizo zilizokuwa zikinitupia fremu.

Miongozo mingi ya darubini hizi imeandikwa na watu wa kaskazini, na karibu yote inakuambia usubiri kitu kifike juu kabisa, ambako hewa ni nyembamba. Kwao ni ushauri mzuri. Kwetu, kwa darubini ya aina hii, ndio unaoharibu usiku. Mimi naiacha M83 ipite kilele chake ndipo nianze, au naianza mapema nikaiacha kabla haijafika. Katikati ya Mei, kwa saa za Dar es Salaam, kilele ni saa nne na nusu usiku, basi piga kuanzia giza linapoingia hadi saa tatu. Katikati ya Juni kilele ni saa mbili na nusu. Anza saa nne na nusu uende hadi saa sita na nusu. Katikati ya Julai inakuwa imekwishapita kilele kabla giza halijaingia, na saa mbili na nusu usiku iko tayari kwa kazi. Ndiyo maana Julai naipenda kuliko miezi mingine. Ukilazimika kupiga ikiwa juu, weka sekunde 10, usizidishe.

Utajuaje kama ni mzunguko au ni upepo? Fungua fremu moja, si picha iliyorundikwa, uikuze. Nyota za katikati zikiwa za mviringo na za pembeni zimevutika kwa kufuata duara, huo ni mzunguko. Zote zikiwa zimevutika upande mmoja, au zimetoka mbilimbili, tena kwenye baadhi ya fremu tu, hapo ni upepo au mtu amepita sakafuni. Zote zikivutika upande uleule fremu hadi fremu, angalia miguu: ufukweni mchanga hunywea polepole chini ya uzito. Weka kigae au kipande cha ubao chini ya kila mguu, kisha pima usawa upya.

Kuna watakaokushauri uilaze darubini ili mhimili wake uelekee ncha ya anga, ndipo mzunguko uishe. Ni kweli unaisha. Lakini kulaza huko hufuata latitudo ya mahali ulipo, na latitudo ya Dar es Salaam ni digrii 7 hivi. Maana yake darubini inalala karibu sawa na ardhi, uzito wote ukiwa nje ya miguu. Mwenye stendi nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo anaweza kujaribu. Kwa tripodi ndogo inayokuja na darubini, siwashauri, itaanguka.

Darubini inatafuta, inatafuta, haifiki kwenye galaksi

Darubini janja hupiga picha ya anga, ikalinganisha nyota ilizoziona na ramani iliyo nayo, ikajua inatazama wapi. Ikishindwa hapo, sababu karibu kila mara ni kwamba haioni nyota za kutosha, au imeanzia mbali mno na inakodhani iko.

Anza na fokasi. Nyota zikiwa zimetanuka kama vitumbua, ramani haisaidii kitu. Elekeza kwenye eneo lenye nyota nyingi, fanya fokasi ya kujiendesha, subiri imalize, ndipo uiambie iende M83. Halafu mawingu: kule pwani kuna lile tandabui jembamba ambalo kwa macho hulioni, ila nyota ndogo zote linazimeza. Tazama Salibu. Ukishindwa kuiona nyota ya tano, ile hafifu iliyo pembeni ya msalaba, ujue anga halijawa tayari.

Sababu ya tatu wengi hawaifikirii: chuma. Dira iliyo ndani ya darubini inapotoshwa na nondo za zege, mabati na bodi ya gari. Pale ninapokaa, kwenye sakafu ya juu ya ghorofa, dira inakosea hadi nikahamia kona ya uwanja wa chini. Kama huna pa kuhamia, fanya usawazishaji wa dira mbali na jengo, kisha rudi. Na hakikisha simu imeipa programu ruhusa ya kujua mahali ulipo. Ukiinyima, darubini itaamini iko mji mwingine kabisa, na itatafuta M83 chini ya ardhi.

Imeifikia, lakini ni doa la kijivu

Kwanza uwe na matarajio sahihi. M83 ina upana wa dakika 13 hivi za tao (digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60), hata nusu ya upana wa mwezi mpevu haifiki. Kwenye sensa niliyoitaja hapo juu ni pikseli 320 kati ya 1920. Galaksi itakuwa ndogo katikati ya fremu, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sasa kama hata hiyo ndogo haina mikono, jambo la kwanza ni muda. Fremu 360 za sekunde 10 ni saa moja. Ubora wa picha hupanda kwa kipeuo cha pili cha muda: ukitaka chenga, ule mchangamchanga kwenye picha, zipungue kwa nusu, huhitaji muda mara mbili, unahitaji mara nne. Kwa uzoefu wangu, Bagamoyo nje ya mji, robo saa inatoa kiini na ule mstari mnene wa nyota unaopita katikati yake. Saa moja inatoa mikono. Dar es Salaam, kwa taa hizi nyeupe za barabarani, natenga saa tatu au nne, kwa usiku mbili au tatu, na naziunganisha fremu zote kwenye kompyuta.

La pili ni filta. Darubini nyingi za aina hii zina filta ya ndani ya kuzuia mwanga wa jiji, na watu huiwasha kwa sababu wanakaa jijini. Filta hiyo hupitisha mwanga wa hidrojeni na oksijeni tu. Ni nzuri kwa mawingu ya gesi, lakini mwanga wa galaksi unatoka kwa nyota, wa rangi zote, na sehemu kubwa yake unaitupa mwenyewe. Kwa M83 izime.

La tatu, mbalamwezi. Fuata mwezi mwandamo. Mimi hupanga kuanzia tarehe 22 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, na siku za katikati nawaachia wanaopiga mwezi wenyewe. Umeme ukikatika mtaa mzima katika siku hizo za giza, usikae ndani ukilalamika, toa darubini.

Na kuna doa la kijivu ambalo halina dawa. Orodha ya mapendekezo ndani ya programu hupenda M81 na M101, galaksi maarufu za kaskazini. Kutoka Dar es Salaam M101 haivuki digrii 29 juu ya upeo, M81 haivuki 14. Hapo unapiga picha kupitia hewa nzito, vumbi na chumvi. Ukiona imetoka vibaya usihangaike na mipangilio. Hamia M83, na baadaye katika mwaka, kuanzia Septemba, galaksi ya NGC 253, ambayo inapanda hadi digrii 71 na ina urefu unaokaribia upana wa mwezi.

Nyota zimenona, kila moja ina utando wa mwanga

Kama ulianza vizuri na picha ikaharibika taratibu, huo ni umande. Dalili yake ya mwanzo si picha, ni idadi: nyota zinazotambuliwa zinaanza kupungua wakati anga ni lilelile. Tochi nyekundu, itazame lenzi kwa mshazari, utaona ukungu kama wa kioo cha gari alfajiri. Washa kipashio cha lenzi kama darubini inacho, tangu mwanzo wa usiku, hata kama kinakula chaji. Usisubiri umande uingie, maana kuuondoa ni kazi kuliko kuuzuia. Pawabenki moja ya ziada inatosha.

Usipanguse lenzi kwa kanga wala kwa pindo la shati. Hewa ya bahari inaacha chembe za chumvi juu ya kioo, na ukizisugua unachora mikwaruzo itakayobaki maisha yake yote. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kitambaa cha lenzi, kwa mguso mwepesi.

Kama nyota zilinona tangu fremu ya kwanza, basi ni fokasi. Rudia, na urudie tena kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu usiku unapopoa lenzi nayo inasinyaa.

Michirizi ya mshazari na vidoa vya rangi

Vidoa vyekundu, vya kijani na bluu, vikali kama ncha ya sindano, ni pikseli zenye joto. Darubini huzijua kwa kupiga fremu za giza, lenzi ikiwa imefunikwa. Ukizipiga mchana ndani ya chumba chenye joto kisha ukafanya kazi usiku wenye ubaridi, hazitalingana. Piga fremu za giza upya palepale uwanjani. Vidoa hivyo vikihama kidogo kidogo huku fremu zikirundikwa, ndipo unapata ile michirizi ya mshazari inayofanana na mvua. Programu yako ikiwa na chaguo la kuisogeza darubini kidogo kati ya fremu, iwashe. Kama haina, simamisha kila nusu saa na uilenge galaksi upya.

Rangi si zake

Mandharinyuma ya rangi ya chungwa upande mmoja na kijani upande mwingine ni mwanga wa mji. Hifadhi fremu zote moja moja katika faili za FITS, aina ya faili inayotumika kwa picha za anga, zihamishie kwenye kompyuta, urundike kwa programu ya Siril, na utoe mwanga wa mji kwa programu ya GraXpert. Zote mbili ni za bure. Ukimaliza, M83 yenye afya ina kiini cha manjano, kwa sababu ya nyota za umri mkubwa; mikono ya samawati, kwa sababu ya nyota changa; na kwenye mikono hiyo vidoa vya waridi, ambavyo ni mawingu ya hidrojeni mahali nyota zinapozaliwa. Mara ya kwanza kuviona vidoa hivyo vya waridi kwenye picha niliyoipiga mwenyewe nilikaa kimya muda mrefu.

Kwa hiyo nawasihi muwe waangalifu na kile kitufe cha akili mnemba cha kusafisha picha. Lenzi ya milimita 50 haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya sekunde 2.3 za tao. Kwa umbali wa M83, hiyo ni zaidi ya miaka ya nuru 160. Ukibonyeza kitufe na ghafla mikono ikajaa nyuzinyuzi nyembamba na vishada vya nyota, havikutoka angani. Punguza chenga kwa kiasi ukipenda, lakini weka pia nakala ambayo haikuguswa.

Simu inakatika na darubini

Simu ikiona mtandao wa darubini hauna intaneti, inauacha na kurudi kwenye bando. Zima data ya simu unapofanya kazi, uzime na kile kipengele cha kubana matumizi ya chaji kwa programu hiyo. Basi.

Kuna nyota ambayo jana haikuwepo

Hii si hitilafu, huenda ndiyo ikawa picha muhimu kuliko zote utakazopiga. Kati ya 1923 na 1983 nyota 6 zilizolipuka zilirekodiwa ndani ya M83. Ile ya Julai 1968 iligunduliwa na Jack Bennett, mtazamaji wa ridhaa wa Pretoria, aliyekuwa akipekua anga kutafuta nyotamkia kwa darubini ndogo na macho yake tu. Alijua M83 inavyoonekana siku zote, ndiyo maana alijua kilichozidi.

Kabla hujamwambia mtu, kagua mambo manne. Je, iko kwenye fremu moja moja, au kwenye picha iliyorundikwa tu? Je, ina umbo la mviringo laini kama majirani zake, au ni pikseli moja kali? Je, baada ya saa moja imehama? Ikihama ni sayari ndogo inayopita mbele. Je, haipo kabisa kwenye picha zako za zamani za eneo lilelile, zenye muda unaolingana? Hili la mwisho ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu hawakuhifadhi picha ya kulinganishia.

Tengeneza yako msimu huu. Saa mbili za fremu, bila filta, bila akili mnemba, faili imeandikwa tarehe, saa na mahali. Yangu niliipiga Bagamoyo usiku uleule wa Juni, kuanzia saa nne na nusu, na bado naifungua kila ninapopata fremu mpya, naziweka bega kwa bega, natazama mkono mmoja mmoja.